Mabadiliko ya amri za kutafuta ndani ya faili katika Emacs yaandikwe vipi kwenye mwongozo?

Swali

Ndugu wanajukwaa,

Ninatunza mwongozo wa Kiswahili wa Emacs, programu ya kuhariri maandishi, unaotumiwa na wenzangu katika idara yetu. Baadhi yao huandika tasnifu kwa LaTeX, mfumo wa kuandaa hati, na wengine hukusanya matini za Kiswahili katika faili za maandishi matupu ili wazipekue wanapochunguza jinsi kifungu fulani kinavyotumika. Kwa watu wa kazi hizi, kutafuta ndani ya faili nyingi kwa pamoja ni shughuli ya kila siku, na sura inayoeleza amri zake ndiyo inayofunguliwa mara nyingi kuliko sura nyingine zote za mwongozo.

Kompyuta zetu hazina toleo moja la Emacs. Zipo za zamani zenye Emacs 24.5, zipo zenye 27, na waliosakinisha karibuni wana 29 au 30. Sura ninayoizungumzia iliandikwa wakati wa toleo la 24. Inasema kwamba ukiwa ndani ya Dired, yaani orodha ya faili za folda ndani ya Emacs, ukishatia alama faili unazozitaka, ubonyeze A, uandike ruwaza (maandishi yenye alama maalumu yanayoeleza unachotafuta), na Emacs itafungua faili ya kwanza yenye ruwaza hiyo na kusimama penye tokeo la kwanza. Ukitaka linalofuata, ubonyeze Meta pamoja na mkato, yaani M-,. Maelezo hayo ni sahihi kabisa kwa toleo lile. Lakini tangu Emacs 25.1, iliyotoka Septemba 2016, kibonye A huita amri nyingine, dired-do-find-regexp, ambayo hukusanya matokeo yote na kuyaorodhesha katika bafa (eneo la maandishi lililofunguliwa ndani ya Emacs) iitwayo *xref*. Kibonye Q cha kutafuta na kubadilisha nacho kilihamishiwa amri mpya, dired-do-find-regexp-and-replace.

Ninataka kusahihisha sura hiyo, na ninasita mahali pawili. Kwanza, sijaamua kama niyafute maelezo ya kale au niyaache pamoja na mapya, kwa kuwa wasomaji wa matoleo yote mawili wapo. Pili, na hili ndilo linalonishughulisha zaidi, mwenzangu mmoja anayefanya kazi ya matini anasisitiza kwamba amri mpya haipati baadhi ya vifungu ambavyo ile ya zamani ilikuwa ikivipata katika faili zile zile. Ikiwa anasema kweli, basi kuandika tu kwamba «A sasa huonyesha orodha» ni kumwambia msomaji sehemu ndogo ya habari. Naomba anayezifahamu amri hizi kwa undani anieleze kilichobadilika hasa, na anishauri kiasi cha maelezo kinachostahili kuingia katika mwongozo.

Jibu la kwanza

Mwenzako anasema kweli, ndugu yangu, na nakupongeza kwa kumsikiliza kabla ya kuandika. Mabadiliko ya 25.1 yalihusu zaidi ya kibonye na sura ya matokeo, kwa sababu kilichobadilishwa ni chombo chenyewe kinachotafuta.

Amri ya zamani, dired-do-search, ilikuwa ikizipitia faili ulizotia alama moja baada ya nyingine, ikiyaingiza maandishi yake ndani ya Emacs na kuyatafuta kwa ruwaza za Emacs yenyewe. Amri mpya huikabidhi kazi hiyo programu ya nje, grep, ambayo husoma faili kutoka kwenye diski na kurudisha mistari iliyolingana. Emacs kazi yake ni kuipanga mistari hiyo katika *xref*, ambako unatembea kwa n na p na kuifungua kwa Enter. Faida yake ni kubwa, kwa maana unaona matokeo yote kwa jicho moja na hulazimiki kufungua faili moja moja. Hata hivyo, yapo mambo ambayo grep haiwezi kuyaona, na ni lazima mwongozo uyataje.

Lililo zito zaidi kwa watu wa matini ni mwisho wa mstari. Grep hupima mstari mmoja mmoja. Tuseme matini imekunjwa kwa mistari mifupi, kama inavyofanya M-q, na kifungu «kwa mujibu wa sheria» kikakatika baada ya neno «mujibu». Mtumiaji wa Emacs 24 aliweza kuandika ruwaza yenye kituo cha mstari ndani yake, kwa kubonyeza C-q C-j (C- ni kibonye cha Control), na kifungu kikapatikana. Kwa amri mpya hakipatikani hata ruwaza iandikwe kwa uangalifu gani, kwa kuwa nusu zake mbili hazionwi pamoja kamwe. Mtafiti anayehesabu matumizi ya kifungu atapata orodha nzuri, iliyopangwa vizuri, ambayo ni pungufu, na hakuna ujumbe wowote utakaomwambia kwamba ni pungufu. Kwa maoni yangu hilo pekee linatosha kustahili aya nzima.

Linalofuata ni maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Amri ya zamani iliyatafuta maandishi kama yalivyo ndani ya Emacs wakati huo, pamoja na uliyoyachapa dakika iliyopita. Grep huyajua yaliyo kwenye diski tu. Waambie wasomaji wabonyeze C-x s kabla ya kutafuta, basi.

Kisha kuna lugha ya ruwaza. Maelezo yaliyomo ndani ya dired-do-find-regexp yenyewe yanasema kwamba ruwaza iandikwe kwa alama zinazoeleweka na grep ya kompyuta yako. Alama za makundi na za uchaguzi, yaani mabano na mstari wima vinavyotanguliwa na mkwaju wa nyuma, `\`, hubadilishwa na Emacs kabla ya kupelekwa, hivyo hizo hazisumbui. Zinazosumbua ni zile za Emacs peke yake. Mfano ulio wazi ni `\s-`, ambayo ndani ya Emacs ina maana ya nafasi tupu, ilhali kwa grep ya GNU ina maana ya nafasi tupu inayofuatwa na kistari. Ruwaza haikataliwi, ila inaulizwa swali jingine.

Mwisho ni folda. Amri ya zamani iliziruka folda ulizotia alama na kushughulika na faili tu. Mpya huingia ndani ya folda hizo na folda zilizomo ndani yake hadi chini kabisa, isipokuwa zile zilizotajwa katika grep-find-ignored-directories, na huziacha pia faili zinazolingana na grep-find-ignored-files. Angalia kwamba uachaji huu unahusu yaliyomo ndani ya folda zilizotiwa alama. Faili uliyoitia alama wewe mwenyewe hutafutwa.

Kuhusu kurudisha tabia ya zamani, amri dired-do-search na dired-do-query-replace-regexp hazikuondolewa. Ziliachwa bila vibonye vile, na anayezitaka anaweza kuandika hivi katika faili yake ya mipangilio:

`(with-eval-after-load 'dired (define-key dired-mode-map "A" #'dired-do-search))`

Lakini usiishie hapo. Katika toleo lile lile la 25.1, M-, nayo ilipewa kazi nyingine, ya kukurudisha ulikotoka baada ya kwenda penye maana ya jina fulani kwa M-. na haiendelezi tena utafutaji. Ukimfundisha msomaji kurudisha A bila kumweleza habari ya M-, atafika penye tokeo la kwanza, na akibonyeza alichozoea atapelekwa pengine au ataambiwa hakuna pa kurudi. Katika 25 na 26 anatakiwa kuita tags-loop-continue kwa M-x, na kuanzia 27 jina la amri hiyo ni fileloop-continue. Anayetaka kutafuta kwa ruwaza za Emacs bila kugusa mipangilio yake ana njia nyingine iliyokuwepo tangu zamani na ambayo bado ipo, M-s a C-M-s, inayozipitia faili zilizotiwa alama kwa utafutaji wa hatua kwa hatua.

Jibu la pili

Naunga mkono yote yaliyoelezwa hapo juu, nami naongeza habari ya rgrep, amri ya Emacs inayotafuta kwa grep katika folda na folda zilizomo ndani yake, kwa sababu waandishi wa LaTeX huitumia kuliko Dired.

Katika Emacs 27.1 yalifanyika mabadiliko ambayo hayakugusa kinachotafutwa hata kidogo, na bado yanastahili kuandikwa. Kabla ya hapo, bafa ya *grep* ilionyesha mwanzoni amri nzima iliyopelekwa kwenye find (programu inayotafuta faili) na grep, ikiwa na orodha ndefu ya folda na faili zinazoachwa. Orodha ile ilichosha macho, lakini mtu aliyeshangaa kwa nini faili yake haikutokea aliweza kuisoma na kuliona jina lake humo. Tangu 27.1 sehemu hiyo hufichwa nyuma ya nukta tatu. Ukizibofya inafunuka, na amri grep-find-toggle-abbreviation hufanya vivyo hivyo, na asiyependa ufichaji huo hulizima chaguo la grep-find-abbreviate. Matokeo hayakubadilika, ila msomaji ameondolewa kidokezo cha kumwonyesha kwa nini faili fulani haimo.

Kwa watu wa LaTeX kidokezo hicho kina thamani kubwa. Orodha ya msingi ya faili zinazoachwa hujengwa kutokana na miishilio ambayo Emacs huipuuza inapokamilisha majina ya faili, na miongoni mwake imo `.bbl`, `.aux` na `.toc`. Mwandishi anayetafuta jina la mtunzi ndani ya marejeleo yaliyokwisha kutengenezwa hataliona kamwe katika faili ya `.bbl`, hata akitaja `*.bbl` anapoulizwa ni faili zipi zitafutwe, kwa sababu uachaji hutangulia uchaguzi. Dawa yake ni kubonyeza C-u kabla ya kuita rgrep, ili amri iliyojengwa ionyeshwe na kuhaririwa kabla ya kutekelezwa, au kuuondoa mwishilio huo katika grep-find-ignored-files. Hili si badiliko jipya, lakini ukiandika habari ya ufichaji wa 27.1 bila kulitaja, msomaji hatajua kwa nini unamsumbua na nukta tatu.

Liko pia jambo dogo la kheri. Tangu 26.1 rgrep na jamaa zake hufuata chaguo la grep-save-buffers, ambalo kwa kawaida hukuuliza kama uhifadhi bafa zilizobadilika kabla ya kutafuta, kwa hiyo lile onyo la C-x s halina uzito uleule huku.

Kuhusu project-find-regexp, amri ya kutafuta katika mradi mzima iliyopewa kibonye C-x p g katika 28.1, mstari mmoja unatosha: katika mradi wa Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) haitafuti ndani ya faili zilizotajwa katika `.gitignore`. Kwa wanaoweka matini kubwa nje ya Git kwa njia hiyo, mstari huo ni muhimu mno.

Muulizaji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeandaa folda ndogo ya majaribio yenye kifungu kimoja kilicho katika mstari mmoja, kingine kilichokatika, na faili moja ya `.bbl`, kisha nikaifungua kwa `emacs -Q` katika matoleo tuliyonayo ili mipangilio ya mtu isiingilie. Yote mliyoyasema yameonekana kama mlivyoyasema, na kile kifungu kilichokatika kilipatikana katika 24.5 tu.

Limebaki lile swali la kwanza. Je, haya yakae pale pale inapoelezwa amri, au yatengewe sura ya mabadiliko mwishoni mwa mwongozo? Nachelea kwamba nikiyaweka pale pale, ukurasa utajaa namba za matoleo hadi mgeni ashindwe kuona namna ya kutafuta.

Jibu la tatu

Ndugu muulizaji, inafaa kutazama jinsi watunzaji wa Emacs wenyewe wanavyoligawa jambo hili, kisha uchukue kinachokufaa, kwa sababu hali yako si yao.

Kwao badiliko moja huandikwa mahali patatu tofauti, kwa kazi tatu tofauti. Faili ya NEWS, inayofunguliwa kwa C-h n, hueleza kilichobadilika kati ya toleo moja na jingine, na humpa msomaji njia ya kuirudisha tabia ya zamani pale njia hiyo inapokuwepo. Maelezo yaliyomo ndani ya amri, yanayosomwa kwa C-h f, hueleza amri inavyofanya kazi sasa. Mwongozo mkubwa nao hueleza sasa, kwa upana zaidi. Toleo likiwa bado linaandaliwa, kila habari katika NEWS hutiwa alama: `+++` huonyesha kwamba miongozo inayohusika imekwisha kusahihishwa, na `---` huonyesha kwamba miongozo haihitaji kuguswa. Habari isiyo na alama yoyote ni deni ambalo bado halijalipwa. Naipenda sana desturi hiyo, nami nakushauri uichukue kama ilivyo katika rasimu yako, kwa kuwa inamzuia mtu asidhani kwamba kuliandika badiliko katika orodha ya mabadiliko ni sawa na kusahihisha sura.

Tena, katika NEWS majina ya amri huandikwa kamili, na hilo lina faida inayozidi unadhifu. Ukiuliza habari za amri kwa C-h f katika matoleo ya karibuni, Emacs hukukadiria amri hiyo ilianza toleo gani, na makadirio hayo huyapata kwa kulipekua jina lake katika faili za NEWS. Mwandishi akisema tu «amri ya kutafuta ya Dired», hakuna atakayeipata habari hiyo miaka mitano baadaye, awe mtu au programu. Kwa hiyo andika dired-do-find-regexp kila mara, hata sentensi ikirefuka.

Sasa kuhusu hali yako. Watunzaji wa Emacs wanaweza kueleza sasa peke yake kwa sababu mwongozo wao husafiri pamoja na programu, na mwenye 24.5 anao mwongozo wa 24.5 ndani ya kompyuta yake. Wako ni mmoja kwa matoleo yote. Kwa hiyo siafiki kuyafuta maelezo ya kale maadamu kompyuta zile bado zinatumika, wala siafiki kuyapeleka yote mwishoni, kwa sababu anayepata orodha pungufu hajui kwamba ni pungufu, na asiyejua hilo hana sababu ya kwenda kusoma sura ya mabadiliko.

Ningepima kila badiliko kwa swali hili: je, mtu mwenye mazoea ya zamani atagundua mwenyewe kwamba mambo yamebadilika? Kuhama kutoka kusimama penye tokeo la kwanza hadi kuonyesha orodha hugunduliwa papo hapo, kwa hiyo hilo liende katika sura ya mabadiliko kwa sentensi moja. Kukatika kwa mstari, lugha ya ruwaza na uachaji wa faili havigunduliki kwa macho, kwa hiyo vibaki pale pale penye amri. M-, iko katikati, kwa kuwa anayeibonyeza huona mara moja kwamba haifanyi kazi aliyoizoea lakini hajui pa kuelekea; iandike katika sura ya mabadiliko, pamoja na kile kipande cha mipangilio, na penye amri uweke kiungo.

Kwa mfano, penye amri yenyewe ningeandika hivi:

«A (dired-do-find-regexp) hutafuta ruwaza katika faili na folda zote zilizotiwa alama na kuorodhesha matokeo katika *xref*. Utafutaji hufanywa na grep, mstari mmoja mmoja, katika maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa: kifungu kilichokatwa na mwisho wa mstari hakitapatikana, na alama za ruwaza zilizo za Emacs pekee, kama `\s-`, hazina maana ileile. Ukihitaji hayo, tumia M-s a C-M-s kwa faili ulizotia alama. Katika Emacs 24.5 na za kabla yake, A huita dired-do-search, ambayo hutafuta ndani ya Emacs, huruka folda, na huendelezwa kwa M-,.»

Namba za matoleo zimekaa katika sentensi moja ya mwisho, na mgeni anaweza kuiacha bila kupoteza lolote. Siku kompyuta ya mwisho yenye 24.5 itakapoondolewa, utaifuta sentensi hiyo peke yake, na aya iliyobaki itakuwa bado sahihi. Ile folda yako ya majaribio nayo uihifadhi pamoja na mwongozo, ili toleo jipya linapotoka atakayekupokea kazi aweze kuifungua kwa `emacs -Q` na kuona ni sentensi ipi ambayo haisemi kweli tena.